Kurasa tatu za Alan Hoffman: thamani ya mwanahisabati hupimwaje?

Mwaka 1952, jarida la idara moja ya serikali ya Marekani mjini Washington lilichapisha makala ya hisabati yenye kurasa tatu tu. Mwandishi wake, Alan J. Hoffman, alikuwa na umri wa miaka 28. Idara yenyewe ilikuwa Ofisi ya Taifa ya Viwango, ambayo wananchi waliijua zaidi kwa kusimamia mizani na vipimo kuliko kwa aljebra. Leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, kurasa hizo tatu zingali zinarejelewa na wataalamu wanaochunguza kasi ya programu za kompyuta zinazotafuta mpango bora wa kazi, zikiwemo zile zinazotumika kufundisha mashine.

Kisa cha kurasa hizo si cha wanahisabati peke yao. Kinagusa swali linalowakabili wahadhiri wengi wa Afrika Mashariki kila kamati ya kupandisha vyeo inapokutana: je, inawezekana kuijua thamani ya mtafiti kwa kuhesabu idadi ya makala alizochapisha, majina ya majarida yaliyozipokea, na mara ngapi wengine wamezirejelea? Maisha ya Hoffman, aliyefariki dunia mwezi Januari mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 96, yanatoa jibu ambalo kamati hizo zingefaa kulisikia.

Mji wa siasa, mji wa hesabu

Washington inajulikana duniani kwa Ikulu na Bunge. Hata hivyo, baada ya Vita Vikuu vya Pili, mji huo na vitongoji vyake ndio uliokuwa chimbuko kubwa la elimu inayoitwa utafiti wa operesheni, yaani matumizi ya hisabati katika kuamua mambo ya utendaji: malori mangapi yaende wapi, ghala lipi lihifadhi nini, askari au wafanyakazi wagawanywe vipi ili kazi ifanyike kwa gharama ndogo.

Ng'ambo ya mto Potomac, katika jengo la Pentagon lililoko jimbo la Virginia, mwanahisabati George Dantzig alikuwa mshauri wa Jeshi la Anga. Mwaka 1947 alibuni njia ya simpleksi, ambayo ni utaratibu wa kutafuta mpango ulio bora kuliko yote chini ya masharti yaliyowekwa. Fani hiyo huitwa programu ya mstari, kwa kuwa masharti yake huandikwa kwa milinganyo ambayo ikichorwa huwa ni mistari iliyonyooka.

Jaribio moja la mwanzo linaonyesha ukubwa wa kazi yenyewe. Mchumi George Stigler alikuwa ameuliza mwaka 1945: mtu mzima anaweza kupata virutubisho vyote muhimu kwa mwaka mzima kwa gharama gani iliyo ndogo kabisa? Kulikuwa na vyakula 77 na virutubisho 9. Kwa kukisia kwa busara, Stigler alipata dola 39 na senti 93 kwa bei za mwaka 1939. Mwaka 1947, makarani 9 wa Ofisi ya Viwango, wakitumia mashine za kuhesabia za mkono, waliifanya hesabu hiyo kwa njia ya simpleksi. Iliwachukua jumla ya siku 120 za kazi ya mtu mmoja. Jibu likawa dola 39 na senti 69. Stigler alikuwa amekosea kwa senti 24 tu, lakini sasa ilikuwapo njia ya kulipata jibu kamili bila kukisia.

Makao makuu ya Ofisi ya Viwango yalikuwa katika barabara ya Connecticut, kaskazini-magharibi mwa Washington, kabla ya kuhamishiwa Gaithersburg, Maryland, katika miaka ya 1960. Hapo ndipo ilipowekwa kompyuta iliyoitwa SEAC, iliyoanza kazi mwaka 1950, na hapo ndipo Hoffman alipoajiriwa mwaka 1951. Alikuwa amezaliwa New York mwaka 1924, akatumikia jeshi wakati wa vita, kisha akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1950. Tasnifu yake ilihusu misingi ya jiometria ya duara. Haikuhusu malori wala vyakula. Lakini Jeshi la Anga lilikuwa limeipa Ofisi ya Viwango kazi ya kuichunguza programu ya mstari, na mtaalamu huyo wa jiometria akalazimika kujifunza fani mpya.

Kurasa tatu zilisema nini?

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mwenye lori la tani 10 anayesafirisha saruji na unga. Lori lisipakie zaidi ya tani 10. Saruji isipungue tani 3. Mafuta yasizidi kiasi alicho nacho. Kila moja ya kauli hizi ni sharti la namna ya "isizidi" au "isipungue". Kompyuta inapotafuta mpango, mara nyingi hufika mahali ambapo masharti yametimizwa karibu yote: labda mzigo umezidi kwa kilo 10 tu. Je, tuseme tumekaribia jibu sahihi?

Mtu atadhani kwamba kosa dogo maana yake ni kuwa jibu liko karibu. Si lazima iwe hivyo. Fikiria njia panda ambapo barabara mbili zinaachana taratibu, kwa pembe nyembamba sana. Wewe umesimama katikati yake. Barabara ya kulia iko hatua chache kutoka ulipo, na ya kushoto hali kadhalika. Lakini ukiambiwa usimame mahali palipo juu ya barabara zote mbili kwa pamoja, huna budi kurudi mpaka njia panda yenyewe, ambayo huenda iko kilomita nzima nyuma yako. Kosa lako kwa kila barabara ni dogo, lakini umbali wako na jibu ni mkubwa.

Hoffman alithibitisha kwamba umbali huo una mpaka. Kwa kila mfumo wa masharti ya aina hii, ipo namba moja isiyobadilika ambayo ukiizidisha kwa ukubwa wa kosa, unapata kiasi ambacho umbali wa kufikia jibu la kweli hauwezi kukizidi. Zaidi ya hayo, namba hiyo inategemea umbo la masharti, yaani pembe za barabara zetu, na haitegemei viwango vyenyewe. Lori likiwa la tani 10 au la tani 30, namba ni ileile.

Kwa nini jambo hilo ni muhimu? Kwa sababu kompyuta hufanya kazi kwa kusogea hatua kwa hatua na haina macho ya kuliona jibu kwa mbali. Kitu pekee inachoweza kukipima njiani ni kosa. Kanuni ya Hoffman ndiyo inayomwezesha mtaalamu kusema: kosa likipungua kiasi hiki, basi tumelisogelea jibu kiasi kile, na baada ya hatua kadhaa tutakuwa tumefika. Katika miaka ya 1950 wengi hawakuuhitaji uhakika huo. Kuanzia miaka ya 1970, na hasa baada ya miaka ya 1990, hesabu zilipokuwa na mamilioni ya masharti, watafiti walirudi kwenye kurasa zile na kuzifanya msingi wa kazi zao.

Aljebra ndani ya mipango

Ingekuwa makosa kudhani kwamba Hoffman aliandika makala moja nzuri kisha akanyamaza. Sifa yake ilikuwa kuiona aljebra mahali ambapo wengine waliona kazi za ofisi na viwanda.

Mwaka 1953, pamoja na Mjerumani Helmut Wielandt, alichapisha makala nyingine ya kurasa tatu katika jarida la Duke. Hiyo ilihusu matriksi, ambayo ni jedwali la namba lililopangwa kwa safu za wima na za mlalo. Kila matriksi ya mraba ina namba zake maalumu zinazobainisha tabia yake, kama vile mlio wa ngoma unavyobainisha mkazo wa ngozi yake. Wawili hao walionyesha kwamba, kwa aina fulani ya matriksi, ukiyabadilisha majedwali kidogo, namba hizo nazo haziwezi kuyumba kupita kiasi. Kanuni hiyo leo inaitwa kwa majina yao mawili.

Mwaka huohuo, katika ripoti ya ndani ya Ofisi ya Viwango, Hoffman alitoa mfano wa kwanza unaoonyesha kwamba njia ya simpleksi, kwa bahati mbaya, inaweza kuzunguka pale pale milele bila kufika kwenye jibu. Mfano huo ulikuwa na milinganyo 3 na namba zisizojulikana 11. Haukuwa na lengo la kumkosoa Dantzig. Kwa kuonyesha mahali panapoweza kuharibika, uliwalazimu wataalamu kuweka kinga, na kinga hizo zimo katika vitabu vya kufundishia hadi leo.

Mwaka 1956, yeye na Joseph Kruskal waliandika sura katika kitabu cha mikusanyo kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Princeton. Walijibu swali ambalo kila msimamizi wa kazi analijua: ni lini hesabu itatoa jibu la namba kamili? Hakuna faida kuambiwa utume madereva wawili na nusu. Jibu lao lilikuwa la kialjebra kabisa. Chukua jedwali la masharti, kata ndani yake miraba ya kila ukubwa, kisha kokotoa ditaminanti ya kila mraba, ambayo ni namba moja inayopatikana kwa kuzidisha na kutoa namba za mraba huo. Ikiwa kila mara unapata 0, 1 au kasoro 1, basi viwango vya masharti vikiwa namba kamili, mpango bora utapatikana nao ukiwa na namba kamili. Kanuni hii ndiyo inayoeleza kwa nini kazi za kugawa madereva kwa magari, au bidhaa kutoka ghala hadi soko, hutatulika bila kukata mtu vipande.

Mwaka 1960, akiwa ameondoka Washington, Hoffman aliandika pamoja na Robert Singleton juu ya mitandao ambamo nukta yoyote hufikiwa kutoka nyingine kwa hatua zisizozidi mbili, bila njia ya ziada hata moja. Waligundua mtandao wa nukta 50 ambamo kila nukta imeunganishwa na nyingine 7. Kwa aljebra ya matriksi walithibitisha kwamba idadi ya viungo kwa kila nukta katika mitandao ya namna hiyo inaweza kuwa 2, 3, 7 au labda 57 tu. Hiyo "labda" ya 57 ingali inawasumbua wanahisabati. Makala hayo yalitokea wapi? Katika jarida la kampuni ya kompyuta ya IBM, ambako Hoffman aliajiriwa kuanzia mwaka 1961 hadi mwaka 2002.

Sasa msomaji na aangalie orodha hiyo kama mjumbe wa kamati angeiangalia. Jarida la ofisi ya serikali. Ripoti ya ndani. Sura katika kitabu cha mikusanyo. Jarida la kampuni. Makala mbili za kurasa tatu tatu. Katika taasisi nyingi za leo, nusu ya orodha hiyo isingepewa alama yoyote ya maana.

Namba za kurejelewa zilivyoanza

Desturi ya kuhesabu marejeleo haina umri mkubwa. Mwaka 1964, Eugene Garfield wa mji wa Philadelphia alianza kutoa faharasa iliyoonyesha ni makala gani imerejelewa na makala zipi nyingine. Nia yake ya kwanza ilikuwa njema na nyepesi: kumsaidia mtafiti kufuata wazo kutoka kazi moja hadi nyingine, kama mtu anayefuata nyayo. Baadaye kukaja kipimo cha jarida, kinachotazama wastani wa kurejelewa kwa makala za miaka miwili iliyotangulia. Mwaka 2004 kampuni ya Google ikafungua huduma yake ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, na mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akapendekeza kipimo kinachoitwa kwa herufi h.

Kipimo hicho ni rahisi kukieleza. Mtafiti ana h ya 4 ikiwa makala zake 4 zimerejelewa angalau mara 4 kila moja, na hana makala 5 zilizofikia mara 5. Mhadhiri mwenye makala zilizorejelewa mara 10, 8, 5, 4 na 1 anapata 4. Mwenzake aliyeandika makala moja tu iliyorejelewa mara 1,000 anapata 1. Namba hiyo ni sahihi kihesabu, lakini haijasema lolote kuhusu ni nani kati yao aliyebadilisha fani.

Hisabati huumizwa na vipimo hivi kuliko sayansi nyingine, kwa sababu huenda polepole. Mwaka 2008, Umoja wa Kimataifa wa Wanahisabati, ukishirikiana na vyama vingine viwili, ulitoa ripoti iliyoonyesha kwamba takriban asilimia 90 ya marejeleo katika hisabati yanahusu makala zilizo nje ya dirisha lile la miaka miwili. Hata ndani ya hisabati, fani hazifanani. Utafiti wa operesheni uko karibu na uchumi na uhandisi, ambako waandishi ni wengi na orodha za marejeo ni ndefu. Aljebra ina waandishi wachache, na uthibitisho mmoja unaweza kuchukua miaka. Kuwalinganisha wataalamu wa fani hizo mbili kwa namba moja ni sawa na kumlinganisha mkulima wa mchicha na mkulima wa minazi kwa kuhesabu mavuno ya mwezi wa tatu.

Kasoro nyingine ni kwamba namba inayotoa cheo huvutia ulaghai. Mwaka 2023, kampuni ya Clarivate, ambayo kila mwaka hutoa orodha ya watafiti waliorejelewa zaidi duniani, iliiondoa hisabati katika orodha hiyo. Sababu iliyotolewa ni kwamba fani hii, kwa kuwa na marejeleo machache, ni rahisi kuchezewa na watu wachache wanaorejeleana wao kwa wao. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo kibaya kimejifunza kutembezwa na marafiki.

Kanuni ambayo mwenyewe hakuichapisha

Kuna jambo moja katika maisha ya Hoffman ambalo hakuna hesabu ya marejeleo inayoweza kulimeza. Wanahisabati wanaochunguza mitandao hutumia sana kanuni inayoitwa mpaka wa Hoffman wa uwiano. Tuseme tuna vituo vya redio, na vituo viwili vinaunganishwa kwa mstari ikiwa mawimbi yake yanaingiliana. Ni vituo vingapi, kwa wingi wake, vinaweza kupewa masafa mamoja bila kugombana? Ikiwa kila kituo kinaingiliana na idadi ileile ya vingine, mpaka wa Hoffman unatoa idadi isiyoweza kuzidiwa kwa kutumia zile namba maalumu za matriksi.

Kanuni hiyo imetumika mara nyingi mno. Lakini Hoffman mwenyewe hakuichapisha. Waandishi wengi wamekuwa wakirejelea makala yake ya mwaka 1970 kuhusu kupaka rangi mitandao, ambayo ina kanuni iliyo jirani, lakini si hiyo. Mwaka 2021, Mholanzi Willem Haemers alilazimika kuandika makala nzima kueleza historia ya kanuni hiyo na jinsi ilivyoenea kwa mazungumzo na kazi za wengine. Kwa hiyo faharasa zimejaa marejeleo yanayoelekeza kwenye makala isiyo na kitu kinachotafutwa, huku kitu chenyewe hakina makala ya mwenyewe ya kurejelewa.

Upande mwingine wa mji huohuo

Hoffman alikuwa na bahati moja: mlango wa Ofisi ya Viwango ulikuwa wazi kwake. Katika mji huohuo, miaka hiyohiyo, mwanahisabati mwingine alifanya kazi kubwa akiwa upande mwingine wa ukuta wa rangi. David Blackwell, Mmarekani mweusi aliyepata udaktari wa hisabati mwaka 1941 akiwa na umri wa miaka 22, aliwahi kuandika barua za kuomba kazi kwa vyuo 105, vyote vya watu weusi, kwa kuwa hakutarajia vingine vimpokee. Mwaka 1944 alifika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, akakaa hapo miaka 10 na kuongoza idara ya hisabati, wakati ambapo mikahawa ya mji huo ilikuwa bado ikimkatalia mteja mweusi. Ubaguzi huo wa mikahawa ulikoma kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwezi Juni mwaka 1953.

Akiwa Howard, na mzigo mzito wa kufundisha, Blackwell alichapisha mwaka 1947 kanuni ya kuboresha makadirio ambayo sasa inabeba jina lake pamoja na la Mhindi C. R. Rao, aliyeitangulia mwaka 1945 katika jarida la chama cha hisabati cha Calcutta. Baadaye aliingia katika nadharia ya michezo na ya maamuzi ya hatua kwa hatua, ambayo ni moyo wa utafiti wa operesheni. Leo kanuni ya Rao na Blackwell hutajwa katika vitabu vya takwimu bila tanbihi, kama mtu anavyoitaja kanuni ya Pythagoras bila kusema ilichapishwa wapi. Mwanasosholojia Robert Merton alilieleza jambo hilo zamani: wazo likishakuwa mali ya wote, watu huacha kumtaja mwenyewe. Ndiyo kusema kwamba kilele cha mafanikio ya mtafiti ni mahali ambapo hesabu ya marejeleo huanza kupungua.

Mwaka 2024 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kizazi kipya cha vifaa vya kompyuta vilivyopewa jina la Blackwell. Alikuwa amefariki miaka 14 kabla.

Yapo yanayofurahisha katika kisa hiki. Tuzo ya von Neumann, inayoheshimiwa sana katika utafiti wa operesheni, ilimwendea Dantzig mwaka 1975, Blackwell mwaka 1979, na Hoffman mwaka 1992 pamoja na Philip Wolfe. Wote watatu walikuwa wamefanya kazi Washington au ng'ambo ya mto wake, wakiwa vijana. Chanda chema kilivikwa pete, lakini aliyekivika hakuwa mashine ya kuhesabia. Walikuwa watu waliozisoma kazi zao.

Hili linatuhusu vipi?

Nchini Kenya, Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwaka 2014 vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri, ambavyo ndani yake machapisho hupewa alama. Vyuo vingine vya kanda yetu vina taratibu zinazokaribiana na hizo. Si haki kuzilaani. Wanaokumbuka enzi ambapo cheo kilitolewa kwa ujamaa, kabila au kadi ya chama wanajua kwa nini watu walitaka namba. Namba haina shangazi wala binamu. Mhadhiri kijana asiye na mtu wa kumsemea ana haki ya kuona mezani kigezo kilichoandikwa, kinachomhusu yeye na mwana wa waziri kwa usawa.

Hatari inakuja pale namba inapoacha kuwa mlinzi wa haki na kuwa badala ya akili. Afrika Mashariki ina jumuiya yake ya utafiti wa operesheni, ORSEA, yenye mikutano na jarida lake, na tangu mwaka 2002 upo mpango wa pamoja wa hisabati wa vyuo vikuu vya kanda uliosaidiwa na Sweden. Mtafiti wa Dar es Salaam anayechunguza ratiba ya mabasi yaendayo haraka, au wa Mombasa anayechunguza foleni ya makontena bandarini, huenda akasomwa na watu wachache huko nje. Faharasa za kimataifa hazijayashika majarida mengi ya kwetu. Akitaka namba zipande, atashawishika kuacha foleni ya Mombasa na kuandika juu ya tatizo linalowapendeza wahariri wa mbali. Hivyo kipimo kilichokusudiwa kuonyesha faida ya kazi kinaweza kuiondoa faida yenyewe.

Sisi ambao maisha yametuleta ugenini tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Ukifika nchi ya watu, miaka yako yote ya kazi hugeuka bahasha ya karatasi mezani kwa mtu asiyejua lugha uliyoiandikia. Yeye huhesabu mihuri. Hana ubaya. Hana tu njia ya kuyasoma yaliyomo. Lakini kamati ya chuo chetu wenyewe haina udhuru huo, kwa kuwa inao watu wanaoweza kusoma.

Na hilo ndilo wanahisabati wenyewe wamelipendekeza. Mwaka 2014, Umoja wao wa Kimataifa uliidhinisha ushauri kwamba namba zisichukue nafasi ya hukumu ya wataalamu walioisoma kazi inayopimwa. Kabla yake, tamko lililoanzia San Francisco mwaka 2012 lilitaka jina la jarida lisitumike kuwa kipimo cha ubora wa makala iliyomo. Kwa vitendo, hili halihitaji fedha nyingi. Mwombaji na achague kazi zake tatu au tano, aeleze kila moja imebadilisha nini, kisha wasomaji wawili au watatu wa fani hiyo, angalau mmoja kutoka nje ya chuo, waandike walichokikuta. Idadi ya marejeleo na ibaki kwenye faili kama ushahidi mmoja kati ya mingi.

Mahali palipokuwa na Ofisi ya Viwango, kwenye barabara ya Connecticut, sasa pana Chuo Kikuu cha Wilaya ya Columbia, chuo cha umma ambacho msingi wake ni elimu ya watu weusi wa mji huu. Treni ya chini ya ardhi husimama mlangoni pake. Makala ya mwaka 1952 yanapatikana bure kwenye intaneti kwa kila anayeyataka, awe hapa au Dodoma. Kurasa ni tatu tu, na mtu aliyefunzwa anaweza kuzimaliza kabla ya chai kupoa.